Anayerudi kila Jumamosi: maswali ya wasomaji kuhusu ulezi wa kujitolea katika shule za sekondari

Katika toleo lililopita tulichapisha barua fupi ya msomaji aliyetaka kujua kama kuna faida yoyote ya kweli mtu anapojitolea kumlea kimasomo na kimaisha mwanafunzi wa sekondari ambaye si mwanawe. Barua hiyo imevuta nyingine nyingi, na nimeona ni haki ukurasa wote wa mwezi huu uende kwenye jambo hilo moja. Ninaposema mlezi wa kujitolea nina maana ya mtu mzima, au kijana aliyekwisha kumaliza shule, ambaye si mzazi wala mwalimu wa mwanafunzi, na ambaye hukutana naye kwa siku zinazojulikana, bila malipo, kwa muda mrefu. Wasomaji wa pwani watamkumbuka somo, yule mwanamke aliyekabidhiwa binti anapovunja ungo, akamfunda, kisha akabaki kuwa mtu wake wa siri na wa ushauri hata baada ya binti kuolewa. Mafunzo ya somo yalikuwa ya jambo lingine, lakini uhusiano wenyewe, wa mtu mmoja kwa mwali mmoja na wa kudumu, ndio ninaouzungumzia hapa.

Shikamoo Mwalimu. Nilimaliza chuo mwaka jana na sasa nafanya kazi Singida mjini. Mkuu wa shule niliyosoma ameniomba niende kuzungumza na kidato cha tatu. Nimefurahi kuombwa, ila najiuliza hotuba ya saa moja itawasaidia nini. Je, niende mara nyingi zaidi? Na nikienda, faida yake ni ipi hasa? (Binti wa Singida)

Marahaba mwanangu. Katika miaka yangu ya kufundisha niliwaona wageni wengi wakisimama mbele ya mstari wa asubuhi na kueleza walivyofika walipofika. Wanafunzi walipiga makofi kwa moyo, na wiki iliyofuata hapakuwa na hata mmoja aliyebadilisha ratiba yake ya kujisomea. Sisemi kwamba hotuba haina kazi, kwa sababu humtia mwanafunzi hamu; lakini hamu haimwambii afanye nini siku ya Jumatano saa kumi na moja jioni, anapokwama kwenye swali la aljebra, mwalimu ameshaondoka, na nyumbani hakuna aliyewahi kukaa darasa la sekondari. Mlezi anayerudi ndiye anayeijua Jumatano hiyo, kwa kuwa Jumamosi atamuuliza mwanafunzi ilikwendaje, na mwanafunzi anajua kwamba ataulizwa.

Fikiria njia anayopita mtoto wetu. Anamaliza darasa la saba akiwa amejifunza karibu kila kitu kwa Kiswahili, kisha Januari anaingia kidato cha kwanza na kukuta bayolojia, jiografia na hisabati vyote viko kwa Kiingereza. Wengi wanaoonekana wajinga katika miezi ile si wajinga hata kidogo. Hawajaelewa swali, na wanaona aibu kusema hivyo mbele ya darasa lililojaa. Mlezi aliyepita njia hiyohiyo anaweza kukaa na mtoto wawili tu, wakasoma ukurasa mmoja wa kitabu polepole, wakaandika maneno kumi magumu na maana zake, na mtoto akagundua kwamba kumbe habari ya majani kutengeneza chakula kwa mwanga wa jua aliijua tangu shule ya msingi, ila sasa imevaa nguo nyingine. Nimeiona sura ya mtoto inavyobadilika wakati huo. Baadaye unakuja mtihani wa kidato cha pili, kisha, kwa utaratibu tuliouzoea katika shule nyingi, uamuzi wa kuendelea na fizikia na kemia au kuziacha. Uamuzi huo hufanywa na mtoto wa miaka 15 au 16, mara nyingi kwa kumfuata rafiki, na matokeo yake humfuata miaka mingi. Akifika kidato cha nne kuna suala la tahasusi, yaani mchanganyiko wa masomo atakayosoma kidato cha tano na cha sita, ambalo limezidi kuwa pana tangu serikali ilipotangaza mwaka 2024 tahasusi mpya 49 na kufanya jumla kuwa 65. Mzazi aliyesikia tu kuhusu PCB (fizikia, kemia na bayolojia) na HKL (historia, Kiswahili na Kiingereza) hawezi kumwongoza mwanawe peke yake katika orodha hiyo, na mwalimu mmoja wa taaluma hawezi kukaa na wanafunzi 200, mmoja baada ya mwingine.

Umeuliza pia, kwa namna fulani, kama kuna ushahidi. Upo, na ule ninaouona kuwa wa maana zaidi unatoka Marekani, ambako shirika la Big Brothers Big Sisters, linalowaunganisha vijana na walezi wa kujitolea, lilianzia New York mwaka 1904. Watafiti waliwafuatilia vijana 959 wa miaka 10 hadi 16 katika miji 8. Vijana hao waligawanywa kwa bahati nasibu, nusu wakapewa walezi mara moja na nusu wakabaki kwenye orodha ya kusubiri. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1995 yalionyesha kwamba, baada ya miezi 18, siku za shule walizotoroka waliopewa walezi zilikuwa pungufu kwa asilimia 52 kuliko za waliosubiri, na uwezekano wa wao kuanza kutumia dawa za kulevya ulikuwa chini kwa asilimia 46. Walezi hao hawakutumwa kufundisha masomo wala kumrekebisha mtu tabia. Walikutana na kijana mara tatu hivi kwa mwezi, kwa saa tatu au nne, wakala pamoja, wakatembea, wakazungumza.

Lakini nataka usome kwa makini zaidi sehemu ya pili ya habari hii, iliyochapishwa mwaka 2002 baada ya takwimu hizohizo kuchambuliwa upya kwa kuangalia muda. Vijana waliokaa na mlezi mmoja kwa mwaka au zaidi ndio waliopata faida kubwa. Wale ambao mlezi wao aliondoka kabla ya miezi mitatu walirudi nyuma katika namna walivyojithamini. Kuondoka mapema kuliwaumiza.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Ikiwa kazi yako inakuruhusu kurudi kila wiki mbili hadi kidato cha tatu hicho kifanye mtihani wake wa mwisho, nenda, na mwombe mkuu akukabidhi wanafunzi watatu au wanne, si darasa zima. Ikiwa huwezi, nenda ukahutubie vizuri, jibu maswali yao yote, na usiwaahidi kwamba utarudi.

Mwalimu, mimi ni fundi seremala hapa Mbeya. Niliishia kidato cha nne na matokeo yangu hayakuwa mazuri. Shule ya kata iliyo jirani na karakana yangu inatafuta watu wa kujitolea, na mke wangu ananihimiza. Naogopa wanafunzi watanidharau. Je, mtu kama mimi anafaa? (Fundi, Mbeya)

Unafaa, Fundi, na nitakueleza kwa nini silisemi hili kwa kukupoza moyo tu. Mwanauchumi Trang Nguyen alifanya jaribio katika shule za msingi 640 za vijijini Madagascar, ambako baadhi ya shule zilitembelewa na mtu aliyekuwa ametoka katika eneo hilohilo, akawasimulia watoto na wazazi habari za masomo yake na maisha yake ya sasa. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2008 yalionyesha kwamba watoto wa familia maskini walipanda alama pale mgeni alipokuwa amekulia katika umaskini kama wao. Mgeni aliyekulia katika familia yenye uwezo hakuwabadilisha. Ni shule za msingi, kweli, na ni kisiwa cha jirani, lakini mtu yeyote aliyefundisha katika shule zetu za kata atalitambua jambo hilo. Mtoto humpima mgeni kwa viatu vyake vya jana, na anapoona kwamba mgeni naye alitembea kilomita tano kwenda shule bila chai ya asubuhi, ndipo anapoanza kumsikiliza.

Tena wewe una kitu ambacho mhitimu wa chuo hana. Katika kila kidato cha nne wapo wanafunzi ambao hawataendelea na kidato cha tano, na wengi wao wanaambiwa, kwa maneno au kwa macho, kwamba maisha yao yameishia hapo. Wewe unaweza kuwaonyesha jinsi pembe mraba inavyopimwa kwenye fremu ya mlango na kwa nini mtu asiyejua uwiano huharibu mbao za watu. Unaweza kuwaeleza namna ya kuomba nafasi katika chuo cha ufundi stadi cha VETA, mteja mgumu anavyoshughulikiwa, na jinsi akiba inavyowekwa katika mwezi ambao kazi ni chache. Usifiche matokeo yako. Waeleze ulipokosea, masomo uliyoyapuuza na ambayo leo unayahitaji kila siku karakanani, maana mwanafunzi anayesikia majuto ya kweli kutoka kwa mtu anayeheshimika mtaani huyachukua kwa uzito kuliko onyo la mwalimu wake. Nakusihi jambo moja tu, kwamba wanafunzi watakaokuja karakanani waje kwa ruhusa ya shule na ya wazazi, na wasigeuzwe vibarua wa kupiga msasa bila malipo.

Habari za kazi, Mwalimu. Binti yangu yuko kidato cha pili hapa Tanga. Shule imesema kuna kijana wa kiume, mhitimu wa chuo kikuu, atakayekuwa mlezi wa kundi lake. Sitaki kumnyima mwanangu nafasi nzuri, lakini moyo wangu haujatulia. Nifanye nini? (Mama wa Tanga)

Dada, moyo wako uko sahihi, na mtu yeyote atakayekuambia kwamba unamdhania mtu vibaya hajui anachokizungumzia. Mpango mzuri wa ulezi hauchukizwi na maswali ya mzazi, bali huyatarajia na huwa na majibu tayari.

Nenda shuleni umuulize mkuu ni nani aliyemchunguza kijana huyo, wadhamini wake ni akina nani, na kama serikali ya mtaa anakoishi inamfahamu. Uliza watakutana wapi. Jibu linalofaa ni darasani au chini ya mti wa uwanjani, mahali panapoonekana na watu wanaopita, saa za mchana, katika kundi, huku mwalimu akijua na jina la mlezi likiandikwa katika daftari la wageni kila anapofika na kuondoka. Jibu lisilofaa ni nyumbani kwake, au ofisini baada ya wengine kuondoka, au ndani ya gari. Mimi binafsi ningependa mabinti wapewe mlezi wa kike, na pale anapokosekana, mlezi wa kiume afuatane na mwalimu wa kike. Na ningesema hivyo bila kuona haya, kwa sababu kijana mwenye nia njema naye analindwa na utaratibu huo dhidi ya maneno ya watu.

Kaa na binti yako pia, kabla ya kikao cha kwanza. Mwambie kwamba mlezi hampi mwanafunzi pesa, simu wala zawadi ya siri, hamwandikii ujumbe usiku, na hamwambii kamwe, "Hili usimwambie mama." Likitokea mojawapo ya hayo, aje kwako siku hiyohiyo, hata kama anaona ni dogo, naye ajue kwamba hatagombezwa. Simu ya huduma kwa mtoto, namba 116, inapokea taarifa kutoka kwa mtoto mwenyewe au mtu mzima. Sheria nayo iko upande wenu, kwa kuwa Sheria ya Elimu, baada ya marekebisho ya mwaka 2016, inaweka kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mimba au kumwoa mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari. Lakini sheria hufika baada ya jambo kutokea, na wewe uko hapo kabla.

Ukiridhika na majibu, mruhusu, kisha uombe kukutana na mlezi huyo uso kwa uso. Wazazi wengi huona kwamba wakishatoa ruhusa wamemaliza, kumbe mlezi anayemjua mama wa mwanafunzi hufanya kazi yake vizuri zaidi, maana anajua kama binti anapika na kuchota maji hadi saa tatu usiku, na hatamlaumu kwa kusinzia.

Mwalimu mwenzangu, mimi ni mkuu wa shule ya sekondari ya kutwa mkoani Pwani. Nina mwalimu mmoja wa ushauri na unasihi, naye ana vipindi 26 kwa wiki. Nataka kuanzisha ulezi wa kujitolea, ila bodi ya shule inauliza kama matokeo ya kidato cha nne yatapanda. Niwajibu nini? (Mkuu wa Shule, Pwani)

Wajibu ukweli, kwamba yanaweza kupanda kidogo, na kwamba kama hiyo ndiyo sababu pekee ya kuanzisha mpango, basi wataukatia tamaa mapema. Uchambuzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2011, uliokusanya tathmini zaidi ya 70 za mipango ya aina hii, ulikuta faida katika tabia, hisia, mahusiano na masomo, lakini faida ya kiasi. Utafiti mwingine wa mwaka 2007, uliohusu ulezi unaofanyika ndani ya shule, ulikuta kazi za darasani zikiboreka katika mwaka wa kwanza, kisha maendeleo hayo kufifia kwa wanafunzi wengi ambao hawakuendelea na mlezi mwaka uliofuata. Ningewaomba wajumbe wa bodi watazame mahudhurio kwanza. Mtoto asiyekuwepo hafundishiki, na utoro ndio mahali ambapo mlezi ana nguvu kuliko kengele na fimbo.

Mfano ulio karibu nawe ni wa shirika la CAMFED, linalosaidia elimu ya wasichana, lililoanzia Zimbabwe mwaka 1993 na kufanya kazi Tanzania tangu mwaka 2005. Wasichana waliosaidiwa kumaliza sekondari hurudi kwa kujitolea katika shule za maeneo yao, huendesha vipindi vya stadi za maisha na namna ya kujisomea, na mwanafunzi anapoanza kukosa shule humfuata hadi nyumbani kuzungumza na wazazi. Wao wenyewe hupata mikopo isiyo na riba ya kuanzishia biashara ndogo, pamoja na njia ya kupata cheti cha ufundi kinachotambulika. Nakuomba ulitafakari hilo la mwisho, kwa sababu tumezoea kumtaka kijana ajitolee kama kwamba yeye hali wala hapandi bodaboda. Shule yako haina mikopo ya kutoa, lakini inaweza kumpa nauli, chakula cha mchana siku ya kikao, barua ya utambulisho iliyoandikwa kwa uangalifu, na nafasi ya kujifunza kutoka kwa walimu wako. Kijana anayesubiri ajira na aliyewaongoza wanafunzi watano kwa miaka miwili ana jambo la kusema mbele ya mwajiri.

Anza na watu wachache, sita wanatosha, wote wahitimu wa shule yako, na uwape siku mbili za mafunzo kabla hawajakutana na mwanafunzi yeyote: namna ya kusikiliza bila kukatiza, mipaka ya usiri, dalili za mtoto anayeumizwa, na nani wa kumwarifu. Mwalimu wako wa unasihi asiongezewe mzigo bila kupunguziwa vipindi, hata viwili au vitatu, maana yeye ndiye atakayekutana na walezi kila mwezi na kuwatia moyo wanapochoka. Kila mlezi atie saini ya mwaka mmoja kamili. Mweleze bila kuzunguka kwamba ahadi ni deni, na kwamba anayehisi hawezi kulilipa aseme sasa, kabla mtoto hajamzoea. Na unapochagua wanafunzi, usiwachukue wale kumi bora pekee, ambao kila mgeni huletewa. Wachukue wanaokaa nyuma na kunyamaza. Wachukue pia wale waliorudi masomoni kwa Waraka wa Elimu Namba 2 wa mwaka 2021, uliowafungulia mlango waliokuwa wamekatisha masomo, wakiwemo wasichana waliojifungua. Hao wamerudi katika darasa la watoto wadogo kuliko wao, na ndio wanaohitaji mtu wa kukaa nao kuliko wote.

Shikamoo Mwalimu. Niko kidato cha tatu, Dodoma. Mwaka jana shule ilinipa dada mlezi. Alikuja mara tatu, tukaanza kufanya maswali ya hisabati katika daftari lake, akaniachia daftari hilo na maswali mengine manne. Hajarudi tena na hakusema kitu. Nilimkosea nini? (Mwanafunzi, Dodoma)

Marahaba mwanangu. Hukumkosea. Huenda amehamishwa kikazi, ameuguliwa, au ameona aibu kusema kwamba ameshindwa, na wajibu wa kukuarifu ulikuwa wake na wa shule, haukuwa wako hata kidogo. Watu wazima waliokupa mlezi walipaswa kukuambia kinachoendelea, na samahani kwamba hawakukuambia.

Mwone mwalimu wako wa ushauri na unasihi na umwambie maneno yaleyale uliyoniandikia mimi, kwa utaratibu huohuo. Anaweza kumuuliza dada huyo kama atarudi, na kama hatarudi, amwombe angalau akuandikie au aje mara moja kuaga. Ukipewa mlezi mwingine una haki ya kumuuliza tangu siku ya kwanza atakuwa nawe hadi lini.

Daftari usilitupe. Yale maswali manne yaliyobaki mpelekee mwalimu wako wa hisabati wiki hii, baada ya kipindi, ukiwa umeshajaribu la kwanza mwenyewe hata kama umekosea, kisha uniandikie lipi lilikuwa gumu.